Jinsi Tiwi Ilivyopimiwa Nguzo ya Magari ya Umeme

Wallahi, haya ninayoyaandika ni kweli tangu herufi ya kwanza hadi nukta ya mwisho. Sikuongeza, sikupunguza. Naapa kwa meno yangu yote, hata yale yaliyokwisha kung'oka, kwa kuwa nayo yalikuwapo mambo haya yalipotokea. Atakayesema nimezua na aje Tiwi aulize. Asimwulize mke wangu tu.

Jina langu Chirau. Nilikuwa dereva wa kigarimoshi cha kubebea miwa kule Ramisi mpaka kiwanda kilipofungwa, nikawa mstaafu kabla sijataka. Shule niliionja kidogo. Mengine nimejisomea mwenyewe katika magazeti yanayofungiwa samaki, ndiyo maana habari nyingi ninazozijua zina mwanzo lakini hazina mwisho, na mwisho huwa nautia mwenyewe.

Mwaka ulikuwa tisini na nane. Mvua kubwa ya El Nino ilikuwa imekwisha kubomoa ilichotaka kubomoa, na kwa sababu ya zile fujo za Likoni za mwaka uliotangulia, mahoteli ya Diani yalikuwa na vitanda vingi kuliko wageni. Hoteli moja ikauza vyombo vyake. Syovata akanunua friza.

Syovata ni Mkamba. Alikulia kwenye mashamba waliyogawiwa wahamiaji kule Shimba Hills, kwa kaka yake, akachoka na jembe, akateremka pwani kuuza samaki. Banda lake lilikuwa pale inapochepuka njia ya kwenda kwenye nyumba za wageni za ufukweni. Friza lenyewe lilikuwa kubwa, jeupe, la kulala, hata mimi ningeenea ndani yake na mto wangu. Alilinunua kwa sababu aliambiwa umeme utafika kwenye kona yake karibuni. Umeme haukufika. Basi ndani ya friza ungekuta unga, sahani, na viatu vya kwendea kanisani.

Samaki alinunua asubuhi. Wasiouzika mpaka alasiri aliwakaanga kwa bei ya hasara au akawatupia paka, na paka wa Tiwi mwaka ule walinenepa mpaka wakashindwa kupanda ukuta. Barafu ilitoka Ukunda juu ya matatu, wazi kwenye jua, na ilipofika kwake ilikuwa maji yenye kumbukumbu ya barafu.

"Mzee Chirau," aliniambia siku moja, "kuna mtu wa Likoni analitaka hili friza. Mvua za vuli zikianza kama sina umeme, namwachia alichukue. Mimi narudi kwa kaka yangu kupalilia mahindi."

"Huendi popote, mama."

"Nitabaki nikifanya nini? Kulinda viatu?"

Basi hapo ndipo walipokuja Jethro na Gillian.

Jethro alikuwa mhandisi, mtu wa bara, mrefu, mpole, kofia haimtoki. Gillian alikuwa mwenzake, binti mwenye macho makali na kidude cha chuma mkononi. Kila gari likipita alikibonyeza, nacho kikahesabu. Walitumwa na kampuni ya wenye mahoteli kadhaa waliokusudia kuleta vigari vya umeme, vya kutembeza wageni kutoka Likoni mpaka Msambweni. Havinywi mafuta, havitoi moshi, havipigi kelele. Kasoro yake ni moja: kikitoka Likoni na abiria, betri inachoka kabla hakijaiona Diani. Kwa hiyo itawekwa nguzo ya kuchajia katikati ya njia, nguzo ya umma, mwenye gari la umeme yeyote asimame atie nguvu aende zake. Katikati ya njia ni Tiwi. Na penye nguzo hiyo patajengwa transfoma, na penye transfoma, majirani watavutiwa waya kwa bei ndogo.

Niliposikia neno hilo la majirani nilimkumbuka Syovata. Sikulala usingizi wa mchana.

Habari zilienea kwa namna yake. Siku ya pili watu walifika kwa baiskeli na betri za redio na za televisheni, wakapanga foleni mbele ya Gillian, wakidhani yeye ndiye mashine yenyewe. Mzee mmoja alikataa kabisa kuondoka. Alisema ametoka mbali na kwamba hata chaji kidogo itamtosha.

Mimi nilijitolea kushika utepe wa kupimia. Jethro alifurahi.

"Shikamoo mzee. Asante sana. Tunaangalia vitu vichache tu. Waya wa stima uko mbali kiasi gani. Mvua ikinyesha maji yanakaa ama yanaenda. Gari mbili zinaweza kugeuka bila kugongana. Na watu wanasimama hapo kwa shughuli zao, ama wanapita tu."

"Na kivuli je?"

"Kivuli kina alama zake kidogo. Betri haipendi jua."

"Hata mimi."

Mahali palipofaa palikuwa pawili. Pa kwanza ni kona ya Syovata. Pa pili ni Mkwajuni, kando ya barabara kuu, pana mkwaju mmoja mkubwa na uwanja mtupu. Mkwajuni waya wa umeme unapita juu kabisa ya kichwa, na nchi imeinuka, maji hayakai. Ila hapasimami mtu. Hapana duka, hapana kisima, hapana hata jiwe la kukalia. Kwa Syovata watu wanasimama tangu asubuhi, lakini waya uko mbali, na wakati wa El Nino vyura walikuwa wakiingia bandani wakitoka kama wateja.

Tulipopima kwa Syovata, nilishika mwanzo wa utepe. Mkono wangu ni mpana, mkono wa dereva, na utepe ulipenda kujizungusha humo. Kona ya Syovata ikausogelea waya kwa kiasi ambacho Mungu hakukikusudia. Kuhusu maji, nilimweleza Jethro kwamba vyura wale walikuja kwa miguu yao, hawakuletwa na mafuriko. Aliandika kitu. Sikukiona.

Pamoja na juhudi hizo zote, Mkwajuni ilibaki mbele. Gillian mwenyewe aliniambia, bila kunitazama, huku akibonyeza kidude chake.

"Ile ya mti ina stima hapo hapo, mzee. Itakuwa ngumu kuishinda."

Nikarudi nyumbani nikifikiri. Mtu mwingine angekata tamaa. Mimi nilisoma zamani, katika gazeti lililofungiwa papa mkavu, kwamba makampuni makubwa yanaogopa kitu kimoja tu, nacho ni mahali patakatifu pa wenyeji. Gazeti liliishia hapo, palikuwa na tundu la jicho la papa. Mwisho nikautia mwenyewe.

Ijumaa ilipofika, watu wote wakaenda msikitini. Mimi nilisema goti linaniuma. Walipokwisha kwenda, goti likapona, nikachukua kanzu yangu kuukuu na leso moja nyekundu na nyeusi iliyokuwa kwenye kamba ya nguo nyuma ya nyumba. Nikazichana vipande vipande. Nikaenda Mkwajuni, nikavifunga kwenye matawi ya chini, vyekundu, vyeupe, vyeusi, kama vinavyofungwa kwenye mizimu ya kweli. Chini nikaweka chungu kilichovunjika mdomo, nikafukiza ubani. Kazi yenyewe ilikuwa nzuri. Nilipoitazama kwa mbali hata mimi niliingiwa na hofu kidogo, nikaondoka kinyumenyume.

Jumatatu Jethro alisimama mbele ya mti ule, kofia mkononi.

"Mzee, hii haikuwa hapa wiki iliyopita."

"Ilikuwapo tangu enzi na enzi. Hamkuwa na macho ya kuiona."

"Haiko kwa ramani."

"Mizimu haikai kwenye ramani, mwanangu."

Alitikisa kichwa, akamwambia Gillian aiweke kando Mkwajuni kwanza, maana kampuni iliwakataza katakata kugusa mahali pa watu pa kuombea. Jioni hiyo nilimpelekea Syovata habari, nikamwambia alioshe friza na amkatae yule mnunuzi. Alitoa unga katika friza, akatoa sahani, akatoa viatu. Akaliosha kwa sabuni na maji ya chumvi, ndani na nje, akaliacha wazi likauke. Kisha akamtumia salamu mtu wa Likoni kwamba halipo tena la kuuza. Nilikaa pale nikamtazama akilisugua. Alikuwa akiimba wimbo wa kanisani kwa sauti ya chini, na mimi nikaona nimefanya jambo la maana.

Lingeishia hapo, ningekuwa naandika habari fupi.

Kulikuwa na mama mmoja aliyepotelewa na mbuzi. Alipita Mkwajuni, akaona vitambaa, akasema moyoni, kwa nini nisiweke nia? Akamwaga marashi kidogo, akafunga upindo wa buibui lake. Kufika nyumbani, mbuzi huyo mlangoni. Mbuzi alikuwa ameshinda siku zote hizo shambani kwangu akila mihogo, nami ndiye niliyemfukuza kwa fimbo asubuhi ile, lakini ningeyasema hayo wapi? Mpaka magharibi Tiwi nzima ilikuwa na habari. Kesho yake ilikuwa nazo Ukunda.

Wakaanza kuja. Walikuja wafanyakazi wa mahoteli waliosimamishwa kazi, Waislamu kwa Wakristo, wakaomba wageni warudi. Alikuja bibi mmoja kutoka Matuga, anataka mkwewe ahamishwe kikazi, mbali. Walikuja watu wa Jego, kule mpakani, walioondoka kwao kabla ya alfajiri, wakiuliza kama mzimu huu unafaa kwa maumivu ya mgongo au ni wa mbuzi peke yake. Teksi za Ukunda zikageuza Mkwajuni kuwa kituo. Mwenye kuuza marashi akafungua meza, mwenye kuuza mihogo ya kuchoma akakaa karibu yake. Nasikia hata basi la maharusi lilisimama, bwana harusi akateremka peke yake, akafunga kitambaa, akarudi garini bila kusema kitu. Hilo sikuliona kwa macho, lakini aliyenihadithia naye alisikia kwa mtu mkweli.

Na kando ya barabara, juu ya kiti chake cha kukunja, alikaa Gillian. Kidude chake kililia kama chura wa masika.

Jethro alinijia nyumbani akitabasamu.

"Mzee, ujue Mkwajuni ilikuwa imekosa kitu kimoja tu, watu kusimama. Sasa wanasimama kuliko hata Ukunda."

"Lakini pana mzimu!"

"Nguzo tutaiweka ng'ambo ya barabara. Mti hatuugusi. Watu wanateremka, wanaomba, gari inachaji. Inaingiana vizuri sana. Tunataka tu ruhusa ya wenyewe. Huu mzimu ni wa nani?"



"Wenyewe walihama," nikasema. "Walikwenda Tanga. Zamani sana. Wote."

"Hakuna hata mmoja alibaki?"

"Alibaki mmoja. Akafa."

Alinishukuru, akaenda zake. Lakini watu wa vipimo ni watu wa vipimo. Badala ya kwenda Tanga alikwenda kwa fundi wa baiskeli.

Fundi wa baiskeli ni Mzee Mbwana. Mchana anaziba pancha, na yeye ndiye anayeangalia mizimu yetu ya kweli, ile ya pangoni karibu na bahari, kama alivyoiangalia baba yake. Mtu wa maneno machache. Alipoulizwa kuhusu mzimu wa Mkwajuni alijifuta grisi, akasema anaomba kuuona. Kwetu sisi mzimu hauoti kama uyoga. Kila mmoja una watu wake, wanaojua nani aliuanzisha na kwa sababu gani, na nani hufagia. Usio na wenyewe haujulikani ni kitu gani.

Basi tukakutana Mkwajuni alasiri moja, mimi, Mzee Mbwana, Jethro, Gillian, na umati wa wenye nia zao. Syovata alifunga banda akaja, akasimama nyuma, mikono kifuani. Alijua kwamba Mkwajuni ikikubaliwa, friza lake limekwisha.

Mzee Mbwana alizunguka mti. Akakitazama chungu. Akanusa ubani.

"Nani anaijua habari ya hapa?"

Watu wakanitazama mimi, kwa mazoea.

"Naijua," nikasema. "Babu yangu alinionyesha. Hapa alizama ngamia wa Mwarabu mmoja, na hazina juu yake. Yeyote atakayechimba hapa, au hata ng'ambo ya barabara, hasa ng'ambo ya barabara, atasikia ngamia akilia usiku mpaka awe kiziwi."

"Alizama?" akauliza Mzee Mbwana. "Nchi kavu?"

"Zamani palikuwa bahari."

"Na mkwaju?"

"Uliota baadaye."

"Babu yako si alikuwa mtu wa Lungalunga? Huku Tiwi umeletwa na ukwe."

"Alikuwa akitembea sana," nikasema.

Watu wakaanza kucheka, na katika kicheko hicho umati ukapasuka kumpisha mtu. Alikuwa mke wangu, Mapenzi, na chupa ya marashi mkononi. Hakujua kama pana mkutano. Alikuwa amejitanda leso yake nyekundu na nyeusi, akaniona, akaona hapana haja ya kuona haya, akasimama mbele ya mti akasema nia yake kwa sauti, kama inavyotakiwa.

"Nimekuja kumwombea mume wangu Chirau aache uongo."

 Jethro alivua kofia, sijui kwa nini. Mapenzi akainua mkono atafute tawi la kufungia kitambaa chake. Mkono ukabaki juu. Akashika kipande chekundu na cheusi, akakigeuza, akakilaza juu ya leso aliyovaa. Maua yalikuwa yale yale, pindo ile ile.

"Hii leso yangu," akasema.

"Leso zinafanana," nikasema.

"Zinauzwa mbili mbili, Chirau! Moja hii hapa mwilini. Moja niliianika Ijumaa, nikakuuliza iko wapi, ukaniambia imebebwa na kunguru."

"Kunguru wa huku wana nguvu."

"Na huyo kunguru alikuwa na goti linalomuuma?"

Palikuwa na vicheko vya kila namna, na vingine vilikuwa na meno. Wapo waliotoka Jego kwa ajili ya migongo yao.  Mapenzi akavifungua vipande vya leso yake kimoja kimoja, akavikunja, akaviweka kwapani.

"Doti haivunjwi," akaniambia kwa upole, nikajua nimekwisha. "Ungechukua zote mbili ningesema nimeibiwa na mwizi mwenye adabu."

Mzee Mbwana alingoja kicheko kiishe.

"Huu si mzimu," akasema. "Lakini watu wameleta nia za kweli. Haziwezi kuachwa zikining'inia kwenye uongo wa mtu. Wewe Chirau utafungua kila kitambaa kwa mkono wako, hapa, tukikuona. Utavibeba mpaka pangoni. Utaleta kaniki mpya, na marashi, na mbuzi mweusi, na utataja jina lako kamili."

"Ninaye beberu mzuri sana," nikasema. "Ana baka jeupe kidogo tu, chini ya tumbo, pasipoonekana."

"Mweusi."

"Hata akilala hulioni."

"Mweusi, Chirau."

Nikapanda juu ya sanduku la mwenye kuuza mihogo nikaanza kufungua. Watu hufunga mafundo magumu wanapotaka kitu. Baadhi nilifungua kwa meno, na hapo nikapoteza moja, lile la mbele. Waliokuwa na haraka walinisomea vitambaa vyao kutoka chini: hicho cha mgongo, mzee, hicho cha mkwe, usikichanganye! Nilivibeba vyote ndani ya kapu, nikaenda navyo pangoni nyuma ya Mzee Mbwana. Mbuzi mweusi nilimpata kwa kubadilishana na beberu wangu na jogoo juu yake.

Nilidhani nimelipa. Niliporudi kutoka pangoni nilimkuta Jethro kwenye kona ya Syovata na utepe wake.

"Mzee," akasema, bado kwa adabu, "wewe ndiye ulishika mwanzo wa huu utepe siku ile."

"Ndimi."

"Basi leo atashika Gillian."

Mkono wa Gillian ni mwembamba. Utepe haukupata pa kujizungusha. Waya wa umeme ukarudi ulikokuwa tangu mwanzo, mbali, ng'ambo ya minazi, na Jethro akauliza wapita njia wawili kuhusu mafuriko, wakamwambia habari za vyura. Hakunikemea. Aliniangalia tu kama mtu anavyoangalia chombo cha kupimia kilichoharibika, akaandika. Kisha wakaenda Mkwajuni, ambako sasa hapakuwa na mtu wala teksi, ila waya juu na nchi kavu chini, na hayo mawili yalitosha. Wakapigilia kigingi chenye rangi nyekundu ng'ambo ya barabara. Nguzo yenyewe italetwa, walisema, mambo yakiwa tayari. Wakaagana nasi vizuri, Gillian akanipa mkono, wakaenda zao Msambweni kupima kwingine.

 Syovata alirudisha sahani ndani ya friza, akarudisha unga. Viatu aliviacha nje. Nikajua vinakwenda safari.

Yule mtu wa Likoni naye, nani alimpelekea habari sijui, alikuja siku chache baadaye na mkokoteni na watu wa kubeba. Nilikuwa nimekaa kibarazani kwangu nikijifanya nasoma. Syovata akaja mpaka mbele yangu, akasimama kati yangu na jua.

"Shikamoo."

"Marahaba, mama."

"Uliniambia nioshe friza."

"Nilikwambia."

"Uliniambia nimkatae mnunuzi. Nilimkataa. Sasa amerudi anataka kulichukua kwa nusu ya bei, kwa sababu anajua nimekwama."

"Pole sana."

"Sikuja kutafuta pole. Mzimu umelipwa mbuzi. Bi Mapenzi umemnunulia leso mpya, nimemwona nayo. Mimi nalipwa nini?"

Nilifikiria kumweleza habari ya gazeti na papa. Nilimtazama, nikaacha.

"Unataka nini, mama?"

"Umeme huwezi kunipa. Lakini lile friza ni sanduku, limejengwa kushika baridi. Likipata barafu asubuhi, samaki wangu wanafika mpaka kesho yake. Barafu iko Ukunda. Baiskeli unayo."

"Mimi ni mzee, Syovata."

"Siku ya kuufunga ule mti vitambaa hukuwa mzee."

Mapenzi alikuwa mlangoni nyuma yangu, amejitanda leso yake mpya, zote mbili. Sikuhitaji kugeuka kujua anatikisa kichwa akimkubalia nani.

"Mpaka lini?" nikauliza.

"Mpaka waya ufike kwangu."

Mtu wa Likoni akaondoka na mkokoteni mtupu. Na mimi asubuhi iliyofuata, baada ya kumsalimu Mzee Mbwana, aliyenitilia upepo magurudumuni bila kuficha meno, nikaenda Ukunda.

Barafu ni mzigo usio na shukrani. Unaifunga kwa gunia, unaizungushia vumbi la mbao, unaifunga nyuma, nayo inakulia mgongoni njia nzima. Wakati wa kupanda kilima inakuwa nzito, na ukikaribia kufika inakuwa nyepesi, hapo ndipo unapopaswa kuogopa. Lakini ilifika. Siku ya kwanza Syovata aliilaza ndani ya friza, akapanga changu na tasi juu yake, akafunika. Kesho yake alifunua mbele ya wateja, samaki wana macho mang'avu kama waliotoka majini saa ile. Wapishi wa nyumba za ufukweni wakaanza kuagiza kwake. Viatu vya kanisani vikarudi ndani ya banda, juu ya rafu. Habari za Shimba Hills hakuzitaja tena.

Mimi nilizoea. Miguu yangu ilikuwa imara kiasi kwamba siku moja nililipita lori la mchanga kwenye mteremko, dereva akanipigia honi ya heshima. Hilo lina shahidi, ila lori lenyewe limekwisha kuuzwa.

Jana nilifika kwa Syovata nimechelewa kidogo. Alifungua gunia, akakung'uta vumbi la mbao, akaitazama ile barafu. Akaizunguka.

"Imepungua."

"Jua la leo ni kali, mama."

"Jua hula pande zote. Hii imekatwa kona."

"Nilipita kwenye shimo. Ikapasuka."

"Na kipande kikaenda wapi?"

"Kikaanguka. Nikasema nikirudi kukitafuta, hii nyingine itayeyuka. Nikaona nichague iliyo kubwa." Nilijisikia nimesema vizuri sana.

Syovata akaweka mikono kiunoni. Wateja wake walikuwapo, na Mapenzi alikuwapo, amekuja kununua tasi.

"Mzee Chirau, toa ulimi."

"Ulimi?"

"Utoe tu."

Njiani, karibu na msikiti wa Ukunda, pana mtu anayeuza sharubati. Ana sukari, ana ndimu, ana ile rangi nyekundu, na ana gilasi safi. Kitu pekee anachokosa ni barafu. Tulielewana tangu wiki ya kwanza.

Nikautoa ulimi. Ulikuwa mwekundu kama kigingi cha Jethro.

 Syovata alilikung'uta gunia mara ya pili, akalikunja, akanikabidhi. Mapenzi akanishikia baiskeli niigeuze, ielekee Ukunda.